Tuna Kiwanja, kwa Nini Tukodi Nyumba?

Nawaomba walimu wetu waniwie radhi iwapo watakuta humu maneno ya mafundi wa tarakilishi ambayo bado hayajapata kibali cha kamusi. Mengine nimeyachukua jinsi yanavyosemwa vibandani mjini kwa sababu ndiyo yanayoeleweka. Hoja yangu yenyewe ni fupi. Matoleo ya zamani ya jarida hili yawekwe katika intaneti, na mashine itakayoyatunza iwe yetu wenyewe, mashine tunayoweza kuigusa kwa mkono, inayokula stima ya hapa hapa. Yasipelekwe kwa watu.

Najua hoja hii imekwisha kuzua mabishano. Katika mkutano wa chama wa muhula wa kwanza kuna waliosema tufungue ukurasa wa bure kwenye mtandao wa kijamii na mambo yaishe. Wengine, akiwemo mweka hazina wetu, walitaka tulipe kampuni ya ng'ambo itutunzie tovuti kwa mwaka. Sisi wachache tuliposema chama kiwe na seva yake, tulichekwa. Ndugu mmoja wa safu ya nyuma aliuliza, "Seva? Kwani tumekuwa benki?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mwenyekiti akahamia ajenda iliyofuata. Basi kwa kuwa siku ile sikupewa nafasi ya kujibu, najibu leo.

Hebu kwanza tuulizane kwa nini tujisumbue hata kidogo. Nendeni katika ofisi ya idara mkalitazame lile kabati la chuma. Humo ndimo yanamokaa matoleo ya jarida letu, yale yaliyosalia. Toleo la mwaka 1994 limebaki nakala moja tu, nayo mchwa wamekwisha kuila pembeni hadi mashairi yamepoteza vina vya mwisho. Baadhi ya miaka haina nakala kabisa. Mwaka jana mama mmoja alifika shuleni kuulizia insha ya bintiye, aliyesoma hapa kisha akafariki dunia miaka michache baada ya kumaliza. Mama alikumbuka hata kichwa cha insha ile. Nakala yao ya nyumbani ilipotea walipohama. Mimi na katibu tulipekua kabati lote, rafu kwa rafu, tukakuta toleo la mwaka wa kabla na toleo la mwaka uliofuata. Lile lililotakiwa halikuwapo. Mama alitushukuru kwa adabu, akabeba kikapu chake akaenda zake. Sasa wewe niambie, je, huyo naye tungemjibu kwa kicheko?

Haya basi, kuhusu ukurasa wa bure. Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguyo hufa maskini, nasi tunao ushahidi ulio wazi. Kule Marekani, mwaka 1994, ilianzishwa huduma iliyokuja kuitwa GeoCities, iliyowapa watu nafasi ya kujijengea kurasa zao bila malipo. Watu walijenga kweli kweli. Kampuni ya Yahoo iliinunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga. Mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, picha za harusi, kumbukumbu za marehemu, mashairi ya wanafunzi kama sisi, zote zikaondolewa, na kilichookolewa ni kile ambacho watu wa kujitolea waliwahi kukinakili kabla ya siku ile. Si kwamba Yahoo iliiba kitu cha mtu. Nyumba ilikuwa yake, ikaamua kuivunja, wapangaji wakapewa notisi. Ndivyo mambo yalivyo kwa mpangaji, hasa mpangaji asiyelipa kodi.

Sasa seva ni nini? Wengi wakisikia neno hilo huwaza jumba lenye vipoza hewa, taa za kijani na mlinzi mlangoni. La hasha! Seva ni tarakilishi yoyote iliyowekewa programu ya kungoja. Inakaa macho usiku na mchana ikingoja mtu aombe ukurasa, nayo ikiombwa inautoa. Ndiyo kazi yake yote. Ya kwanza kabisa ya wavuti hapa duniani, ile ya Tim Berners-Lee, iliwashwa mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Ilikuwa tarakilishi ya kazini iliyokaa ofisini, na bwana huyo aliibandika karatasi yenye maandishi mekundu ya kuwaonya watu wasiizime. Karatasi tu! Nami nyumbani kwetu nimebandika yangu juu ya soketi, tangu binamu yangu aliponuia kuchomoa waya ili apige nguo pasi.

Naam, ninayo seva nyumbani, imekuwa ikifanya kazi tangu likizo ya Desemba, ndiyo sababu nazungumza kwa kujiamini. Ni kipakatalishi kilichopasuka kioo, nilichonunua kwa fundi kwa shilingi 4,500 kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Seva haihitaji kioo, kwani hakuna anayeikodolea macho. Ndani yake nimeweka Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini, nao haulipiwi hata senti. Juu yake kuna programu ya kutoa kurasa iitwayo nginx, aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004. Nayo ni bure, na hutumiwa na tovuti kubwa kubwa duniani, kwa hivyo mtu asije akaniambia kwamba ni kitu cha watoto.

Mama aliuliza swali ambalo kila mzazi atauliza: je, stima? Fundi alinipimia kabla sijakibeba. Kinakula wati 15 hivi kisipokuwa na kazi nyingi. Zidisha kwa saa 24, upate wati 360 za saa, yaani chini ya nusu yuniti kwa siku nzima, na kama yuniti 11 kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 ikipigwa kwa dakika 22 tu imekwisha kula kiasi hicho cha siku nzima. Nilimwonyesha mama hesabu hiyo kwenye karatasi. Hakusema kitu, ila tangu siku ile binamu anapiga pasi nguo za shule peke yake, jeans zimekatazwa.

Kazi iliyobaki, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, ni ya kuifanya mashine iliyo sebuleni ionekane na mtu aliye Kisumu au Muscat. Kila kitu kilicho katika intaneti kinahitaji anwani ya tarakimu. Anwani za mtindo wa zamani, toleo la nne, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia yote, na ghala kuu la dunia liliishiwa nazo Februari 2011. Bara letu lina mgawaji wake, AFRINIC, aliye kisiwani Mauritius. Kwa kuwa anwani ni adimu, nyumba moja hupewa moja tu, hata kama ina simu sita na televisheni. Ruta, kile kijisanduku chenye vitaa, ndicho chenye anwani hiyo. Vifaa vya ndani hupewa anwani za ndani, aghalabu zinazoanza na 192.168, ambazo hazina maana yoyote nje ya nyumba, kama vile nambari ya chumba isivyo na maana kwa tarishi asiyejua ploti.

Fikiria ploti yenye geti moja na askari. Mpangaji akitoka kwenda dukani, askari anamwona, naye akirudi na kifurushi anaruhusiwa. Lakini mgeni asiyejulikana akija kutoka nje akasema, "Nimetumwa humu," askari anamuuliza kwa nani, na akikosa jibu anafukuzwa. Hivyo ndivyo ruta inavyofanya kila siku, na ni vizuri ifanye hivyo. Mwenye seva humpa askari maagizo mapya. Kila mgeni anayeulizia mlango nambari 80 au 443, ambayo ndiyo milango ya wavuti, apelekwe moja kwa moja kwenye chumba cha kipakatalishi. Maagizo haya huandikwa katika kurasa za mipangilio ya ruta, na kuyaandika hakuchukui dakika kumi. Sharti tu kipakatalishi kipewe anwani ya ndani isiyobadilika, kwani kikihamia chumba kingine askari ataendelea kuwapeleka wageni kwenye chumba kitupu.

Hapa niseme jambo na walimu wangu wa Kiswahili. Kuna mahali nimeona hiyo milango ikiitwa bandari. Jamani! Bandari ni ya meli. Kinachobishwa hodi ni mlango, na kama chama chetu kitaandika mwongozo wake, napendekeza tushike mlango.

Tatizo kubwa zaidi halimo nyumbani. Baadhi ya kampuni za intaneti, kwa uhaba huo huo wa anwani, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Yaani juu ya geti lako kuna geti jingine la mtaa mzima, na askari wake ameajiriwa na kampuni. Huwezi kumpa maagizo. Njia ya kujua ni rahisi. Itazame anwani ambayo ruta inasema imepewa, kisha utafute anwani ambayo ulimwengu unakuona nayo. Zikitofautiana, uko nyuma ya geti la watu. Na ukiona ile ya ruta inaanza na tarakimu zilizo kati ya 100.64 na 100.127, usihangaike zaidi, hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa.

Mimi nilikuwa nyuma ya geti hilo. Jina la kampuni silitaji, mhariri asije akaitwa kujibu mashtaka bure. Niliwapigia simu mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nizime ruta halafu niiwashe. Mara ya pili, baada ya muziki mrefu, niliambiwa nizime ruta halafu niiwashe. Mara ya tatu nilipata mtu aliyekuwa akielewa, dada mmoja mpole, akaniambia kwamba anwani ya wazi isiyobadilika inapatikana kwa malipo ya ziada ya kila mwezi, akaniwekea siku hiyo hiyo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri. Anayenyimwa anaweza kukodi mashine ndogo mahali pengine iwe mlango wa mbele tu, wageni wapitishwe chini kwa chini hadi nyumbani, na maandishi yabaki kwake. Kuna pia anwani za toleo la sita, ambazo ni nyingi mno haziwezi kuisha leo wala kesho, ila si kila msomaji anazo kwenye simu yake. Na wanaopewa anwani ya wazi lakini inayobadilikabadilika hutumia programu ndogo inayotangaza anwani mpya kila inapogeuka.

Watu hawakariri tarakimu, kwa hivyo hununua jina. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC, na shule zimetengewa mwisho wao, .sc.ke. Hilo jina liandikishwe kwa shule, si kwa mwanafunzi, kwani mwanafunzi huondoka. Cheti cha kufunga mawasiliano, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari, hutolewa bila malipo na Let's Encrypt tangu mwaka 2015. Ni cha muda mfupi, lakini programu hukifanya upya yenyewe. Halafu neno moja la tahadhari kwa atakayejaribu: usiipime seva yako ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, kwani ruta nyingi huchanganyikiwa mtu wa ndani anapobisha mlango wa nje. Zima waifai ya simu, tumia bando, ndipo uone kama dunia inakuona.

Nikafungua mlango usiku. Kabla sijamwambia mtu yeyote anwani yangu, asubuhi daftari la seva lilikuwa limejaa wageni. Nasema wageni, lakini hawakuja kusoma mashairi. Walikuwa wakijaribu kuingia kwa majina kama root, admin na test, kila sekunde chache, kutoka kila pembe ya dunia. Si watu, ni programu zinazozunguka intaneti yote zikibisha kila mlango, kama wale vijana wanaopita barabarani wakijaribu vitasa vya magari. Atakayesema hatari haipo anadanganya. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana za majumbani kwa kujaribu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha, na Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vijikamera likaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hadi Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nyakati hizi ki ukutani, kinakutazama.

Hofu ya mama ilikuwa ya karibu zaidi. Simu yake yenye M-Pesa iko kwenye waifai ile ile. Nilimweleza, nami nawaeleza wenzangu, kwamba kinga yake inajulikana. Kipakatalishi kiko kwenye mtandao wa wageni wa ruta, hakiwezi kuzungumza na simu ya mtu yeyote nyumbani. Milango iliyo wazi kwa dunia ni miwili tu. Ule wa fundi, wa nambari 22, hauonekani kutoka nje, na hata ndani haukubali nywila, unakubali ufunguo wa kidijitali ulio kwangu. Marekebisho ya usalama hujipakua kila usiku. Zaidi ya yote, kurasa zenyewe ni maandishi na picha, basi. Hakuna fomu ya kujaza wala hifadhidata, na mwizi anayeingia ghala lenye magazeti ya zamani peke yake ataiba nini?

Nije kwenye upinzani wenye uzito. Mweka hazina anasema stima hupotea. Kweli hupotea. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikabaki gizani kwa saa kadhaa (tumbili alipona, nadhani ndiye aliyestarehe kuliko sote). Agosti 2023 giza lilirudi tena karibu nchi nzima. Lakini kipakatalishi kina betri yake, na ruta inaweza kuwekewa ya kwake. Isitoshe, tuulizane: jarida la shule likikosekana kwa saa tatu, nani atakufa? Sisi si hospitali. Kinachotuua ni kukosekana kwa miaka thelathini, jambo ambalo kabati limekwisha kutufanyia. Na ajali ya kweli, kama moto au wizi, dawa yake ni nakala nyingine katika diski iliyo kwa mwalimu mlezi, mbali na mashine.

Wengine wanasema haitakuwa na kasi. Waya wetu wa nyumbani hupeleka nje megabiti 5 kwa sekunde. Ukurasa wa kilobaiti 200 hutoka kwa theluthi moja ya sekunde. Toleo zima lililopigwa picha, tuseme megabaiti 8, hutoka kwa sekunde 13 hivi. Watu mia moja wakiomba ukurasa kwa pamoja watangoja kama nusu dakika, lakini ni lini watu mia waliwahi kulikimbilia jarida letu kwa wakati mmoja? Hata siku ya wazazi halijapata bahati hiyo.

Kuhusu kulipa kampuni ya ng'ambo, sina ugomvi na mtu. Ni njia halali, na kwa duka au kwa barua pepe za shule mimi mwenyewe ningeishauri, kwani barua pepe ya nyumbani ni mateso matupu, wapokeaji wengi huitupa pamoja na takataka. Hata hivyo kumbukeni tulikotoka. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe iliyotoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi ilipandishwa kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, ikateremshwa Ulaya au Marekani, kisha ikarudishwa kwa njia hiyo hiyo. Mtu na jirani yake! Kampuni zikaungana kujenga kituo cha kubadilishana, KIXP, kikafunguliwa Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya njia za kimataifa, ililalamika, na mdhibiti akakifunga baada ya wiki mbili hivi. Walibishana hadi kikafunguliwa tena Februari 2002. Waliopigania kituo kile hawakufanya hivyo ili maandishi ya Kiswahili ya shule ya Kenya yakakae kwenye jumba la Marekani, yasomwe na wanafunzi wa Kenya kwa kuvuka bahari mara mbili. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki yote. Siku kama hizo, kilicho humu nchini na kinachopitia humu nchini ndicho hupona.

Swali lililonisumbua kuliko yote ni la mwalimu mlezi, ambaye hakucheka. Aliniita baada ya mkutano akaniuliza, "Wewe mwakani hutakuwapo. Nani atailisha?" Ni swali zuri, nami nimelifikiria muhula mzima. Jibu langu ni kwamba kila mwaka wachaguliwe wawili wa madarasa ya chini, wafanye kazi na waliotangulia kwa mihula miwili, na kila tulichofanya kiandikwe katika daftari moja, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua. Na kama siku moja watakosekana kabisa, basi faili zetu ni maandishi na picha za kawaida, yeyote anaweza kuzibeba kwenye diski na kuzipeleka hata kwa hiyo kampuni ya ng'ambo kwa alasiri moja. Anayeanza kwake anaweza kuhama akitaka. Anayeanza kwa watu huhama wanapotaka wao.

Yako mambo ambayo hayapaswi kuwekwa humo asilani. Alama za mitihani, nambari za simu, picha za wanafunzi wasiokubali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu hata watoto wa shule, na kabla hatujachapa insha ya mtu wa zamani tujaribu kumtafuta yeye au jamaa zake tuombe ruhusa. Naamini wengi watafurahi.

Mashine yangu haitakuwa ya chama. Ni yangu, iko kwetu, na baba akipata uhamisho itahama naye. Ninachoomba ni kingine kama hicho, kiwekwe maktabani karibu na ruta ya shule, mwalimu mkuu akiridhia. Hoja nimekwisha kuiandika na kumkabidhi katibu. Wakati tunangoja mkutano, kuna kazi isiyohitaji kura ya mtu: kulipiga picha kila toleo lililosalia kabla ya mvua, maana lile kabati linavuja upande wa dirisha. Jumamosi baada ya usafi nitakuwa ofisi ya idara, mwalimu ameniruhusu ufunguo. Mwenye simu yenye kamera nzuri aje nayo. Na mwenye dada au mjomba aliyesoma hapa, tafadhali amuulize kama ana nakala nyumbani. Tunatafuta hasa lile toleo la mama yule. Tunajua kichwa cha insha, na katibu anacho.